Gitaa la marehemu ami na vipande vyake vilivyobadilishwa

Swali: Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Marehemu ami yangu, aliyekuwa akipiga gitaa la solo katika bendi za mahoteli ya Malindi, ametuachia gitaa la umeme aina ya Fender Stratocaster. Bamba la nyuma lina herufi F kubwa na namba ya tarakimu sita. Fundi wa redio aliyelifungua ameona namba 137 6615 kwenye vidhibiti viwili vya sauti, na cha tatu hakina namba yoyote. Pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, iliyo karibu na daraja ni pana kuliko wenzake, na mbao imechongwa ili iingie. Funguo za kukazia nyuzi si za asili. Freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole, ni mpya kuliko shingo. Na gitaa zima limepakwa rangi nyeusi. Mgeni mmoja anayekaa Shela anatupa shilingi 80,000, akisema kuwa hili ni gitaa la viraka. Binamu yangu anataka tulirudishie kwanza rangi ya zamani ndipo tuliuze. Thamani yake ni ipi, na tufanye nini?

Jibu: Binti yangu, pokea kwanza pole ya msiba. Nimezitazama picha ulizotuma mara kadhaa, nyingine kwa kuzikuza mpaka zikavunjika, na nitakueleza kwa urefu, kwa sababu swali lako haliwezi kujibiwa kwa tarakimu moja. Hata hivyo nisikuache ukining'inia: msiuze kwa shilingi 80,000, msiguse rangi, na kabla ya jambo lolote lingine tafuteni vipande vya zamani vilivyotolewa katika gitaa hilo. Yaliyobaki ni maelezo ya sababu zake.

Sisi wa pwani tumezoea kuthamini chombo kwa jinsi kinavyofanya kazi. Jahazi lililotiwa mbao mpya na mafundi wa Matondoni ni jahazi lile lile, na anayelinunua huuliza kama linavuja, wala haulizi ni ubao upi uliokuwapo siku liliposhushwa majini. Mnunuzi wa gitaa la kale hana fikra hiyo. Sauti nzuri anaweza kuipata katika gitaa jipya la dukani kwa fedha kidogo. Anachokitafuta ni kile kilichotoka kiwandani Fullerton, California, katika mwaka fulani, na ambacho hakijaguswa tangu hapo. Yuko karibu zaidi na mnunuzi wa mlango wa kale wa Lamu, ambaye hupitisha kidole kwenye mfaa ili ajue kama umechongwa pamoja na fremu zake au umeletwa baadaye na fundi mwingine. Kwa hiyo kila kipande kilichobadilishwa hupunguza bei, lakini havipunguzi kwa kiasi kimoja. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, badiliko hilo laweza kurudishwa nyuma bila kuacha kovu kwenye mbao? Likiweza, hasara ni bei ya kipande tu. Lisipoweza, hasara ni ya gitaa zima.

Kabla ya vipande, lakini, kuna mwaka. Mwanzilishi, Bwana Leo Fender, aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS mwezi Januari 1965 kwa dola milioni 13, na tangu hapo wakusanyaji wakagawa magitaa hayo katika mafungu mawili, yaliyotengenezwa kabla ya mauzo na yaliyotengenezwa baadaye. La ami yako, kwa kichwa kikubwa cha gitaa kilichoanza mwishoni mwa 1965, ni la baada ya mauzo. Halifikii bei ya magitaa ya 1954 hadi 1964, lakini likiwa la 1966 limo katika miaka ambayo wengi bado wanaitamani, na kila mwaka unaosogea kuelekea katikati ya miaka ya 1970 hupunguza hamu hiyo.

Namba 137 6615 inasema nini? Tarakimu tatu za mwanzo ni alama ya mtengenezaji wa vidhibiti, kampuni ya CTS ya Marekani. Tarakimu 66 ni mwaka, na 15 ni wiki ya mwaka huo, yaani mwezi wa Aprili 1966. Hii haithibitishi kwamba gitaa liliundwa Aprili 1966. Inathibitisha kwamba halikuunganishwa kabla ya wiki hiyo, kama vidhibiti hivyo vimo tangu mwanzo. Fender walinunua shehena kubwa ya vidhibiti mwaka huo, na vikaendelea kutumika hadi karibu 1969. Kwa hiyo kwa namba hiyo peke yake tunasimama mahali popote kati ya 1966 na 1969.

Bamba la nyuma lenye F nalo halitoshi. Linashikwa na skrubu nne tu, na mtu mwenye bisibisi anaweza kulihamisha kwa dakika tano. Nalijua hilo kwa mfuko wangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilinunua gitaa Mombasa kwa sababu ya bamba kama hilo, nikafurahi nalo mwezi mzima, kisha nikafungua shingo na kukuta kisigino chake, ile ncha inayoingia kwenye kiwiliwili, kimepigwa msasa kikawa cheupe kama kibao cha mbuzi kipya, hakina muhuri wala penseli. Nilikuwa nimenunua bamba la kweli lililofungwa kwenye gitaa la kuungaunga.

Basi ushahidi mnaouhitaji uko chini ya shingo. Legezeni nyuzi zote kabisa, lazeni gitaa kifudifudi juu ya kitambaa, kisha mtu mwenye mkono wa subira afungue zile skrubu nne kwa bisibisi ya mkono inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu. Lamu haina uhaba wa watu wanaoielewa mbao, na seremala wa milango atalifanya vizuri kuliko fundi wa umeme mwenye haraka. Asitumie mashine. Shingo ikiachia, kwenye kisigino chake panatakiwa pawe na muhuri wa wino: tarakimu za aina ya gitaa, herufi tatu za mwezi kwa Kiingereza, tarakimu mbili za mwaka, na mwishoni herufi moja ya upana wa shingo, ambayo kwa kawaida ni B. Ipigeni picha mwanga ukitokea ubavuni, si kwa mwako wa simu kutoka juu, kwa sababu wino huo hufifia na mwako huumeza kabisa. Msiufute, msiutie maji, msiusugue hata kwa kidole. Muhuri ukisema 66 au mwanzo wa 67, na ukikubaliana na vidhibiti, mtakuwa na shingo ya kweli mkononi, na shingo hiyo peke yake ina thamani kuliko fedha mliyoahidiwa kwa gitaa lote.

Mkiwa hapo, tazameni pia shimo ambamo shingo ilikuwa imekaa. Katika miaka hiyo kiwiliwili kilipopulizwa rangi kilikuwa kimeshikiliwa kwa kijiti kilichofungwa mahali pa shingo, na sehemu iliyofunikwa na kijiti haikupata rangi. Mkiuona mstari huo safi, sehemu moja ina rangi na nyingine iko wazi, mna alama ya kiwanda. Mkikuta shimo zima limejaa rangi nyeusi nene mpaka pembeni, basi fundi wa pili alikivua kiwiliwili na kukipulizia upya.

Na hapa ndipo swali lako lilipo zito kuliko kwingine kote, kwenye rangi. Kwa desturi ya wauzaji, gitaa la kale lililopakwa rangi upya huuzwa kwa karibu nusu ya bei ya lile lenye rangi yake, hata kama vingine vyote ni vya asili, na hata kama rangi mpya ni nzuri kuliko ya kwanza. Wasiojua hushangaa. Sababu yake ni kwamba rangi ni kipande kisichoweza kununuliwa na kurudishwa. Pikapu ya 1966 mtu anaweza kuipata, lakini rangi iliyopulizwa mwaka huo juu ya mbao hiyo hakuna anayeiuza.

Lakini kuna kupaka upya na kuna kupaka juu, na tofauti yake ni fedha nyingi. Katika picha yako ya nne, ile ya ukingo wa nyuma ambapo mshipi wa ami ulikuwa ukisugua, nimeona weusi umeliwa kwa umbo la yai, na ndani ya yai hilo mna pete ya wekundu, kisha umanjano, kisha mbao. Ni kama ukuta wa nyumba ya zamani hapo Mkomani chokaa inapobanduka, tabaka kwa tabaka, mpaka unaliona jiwe la matumbawe. Mpangilio huo wa nyeusi, nyekundu na manjano ndio wa rangi ya kiwanda inayofifia kutoka ukingoni kuelekea kati. Maana yake ni kwamba aliyeipaka nyeusi, ambaye kwa mng'ao wake nadhani alikuwa fundi wa magari, hakuivua rangi ya chini. Picha ya ndani, mlipoinua kibao cha plastiki, inanitia nguvu zaidi: chini ya kibao kuna ukanda ambao weusi haukufika, na pale umanjano umekaa kama siku ulipotoka kiwandani. Fundi wetu alikuwa mvivu wa kufungua skrubu zote 11, na uvivu wake umewasaidia.

Gitaa lenye rangi ya asili iliyofunikwa haliuzwi kwa bei ya lenye rangi wazi, lakini haliko kapu moja na lile lililovuliwa kwa msasa. Wapo mafundi wachache, na simjui mmoja aliye pwani ya Kenya, wanaoweza kuondoa tabaka la juu bila kuligusa la chini. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi na haina dhamana. Mnunuzi atakayeyajua haya atakuwa tayari kulipia uwezekano huo. Mkiivua wenyewe mtauondoa uwezekano pamoja na weusi, kwa sababu vanishi ya nitroselulosi ya miaka hiyo huyeyuka upesi kwa tina ile ile inayoyeyusha rangi ya gari. Binamu yako ana nia njema, lakini ushauri wake ndio ungewagharimu kuliko wote. Rangi mpya inayofanana na ya zamani bado ni rangi mpya.

Pikapu pana iliyo karibu na daraja ni ya koili mbili, na kuibadilisha hivyo ilikuwa mtindo tangu kampuni ya DiMarzio ilipoanza kuuza pikapu za kubadilishia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mpigaji wa hoteli aliyehitaji sauti isiyovuma kwa umeme mbaya wa jukwaani hakufanya kosa. Alikuwa na chombo cha kazi, akakirekebisha kwa kazi. Kwa bei ya leo, lakini, tundu hilo ni jeraha. Kubadilisha pikapu kwa kufungua waya mbili ni jambo dogo. Kuitafutia nafasi kwa patasi ni jambo jingine, maana mbao iliyotoka haitarudi. Katika picha yako alama za patasi zinaonekana wazi, pembe moja imekwenda ndani kuliko nyingine. Ni bora hivyo kuliko shimo la mashine lililopanuliwa mpaka kwenye daraja, kwa kuwa mbao iliyopotea ni kidogo na yote imefichika chini ya kibao. Kibao chenyewe kimekatwa, na hicho kimeharibika moja kwa moja.

Pikapu mbili zilizobaki zina thamani kubwa na zinahitaji kupimwa. Mwambieni fundi wenu wa redio aweke mita yake kwenye waya mbili za kila pikapu asome ukinzani. Pikapu nzima ya wakati huo husoma karibu omu 5,500 hadi 6,500. Mita isiposoma chochote, koili imekatika ndani. Huku kwetu hilo si nadra. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele, nao umezungushwa karibu kabisa na sumaku sita za pikapu. Hewa ya chumvi ikiingia, sumaku hupata kutu, kutu huvimba, na waya hukatika mahali pasipoonekana. Pikapu iliyokufa hufufuliwa kwa kuzungushwa waya mpya, na sauti yake huweza kuwa nzuri sana, ila bei yake hupungua, kwa hiyo ikiwa imekufa iacheni imekufa na mseme wazi. Tazameni pia upande wa chini: kwa miaka hiyo unatakiwa uwe wa kijivu, na huenda ukawa na tarehe iliyoandikwa au kupigwa muhuri. Waya zake ziwe zimefunikwa kitambaa, si plastiki, kama gitaa ni la mwanzo wa kipindi hicho.

Kutu yenyewe ni shahidi mzuri kwa anayejua kuisoma. Gitaa lililokaa Malindi miaka 40, likipigwa kaskazi na kusi, huzeeka lote kwa pamoja. Skrubu kumi za kahawia na moja inayong'aa humaanisha kwamba ile moja ni ngeni. Vivyo hivyo lehemu: kiungo cha kiwandani huwa kidogo, kimefifia, kimekaa kama kilimiminwa mara moja, na kiungo cha baadaye huwa bonge. Katika picha ya ndani nimehesabu viungo vitatu vinene, viwili vya pikapu pana na kimoja cha kidhibiti kisicho na namba. Vingine naona havijaguswa. Hicho kidhibiti kimoja ni hasara ndogo.

Funguo za kukazia nyuzi zinategemea tundu. Za asili katika miaka hiyo, za kampuni ya Kluson, zilikuwa zimepangwa zikigusana, funguo sita zikishikwa kwa skrubu saba, na tundu zake hazifiki milimita 9. Zilizopo sasa ni za kufunikwa, ambazo kwa kawaida hutaka tundu la milimita 10. Kama tundu zimepanuliwa, hesabuni hasara ya sehemu moja katika kumi. Kama fundi aliweza kuziingiza bila kupanua, hasara ni bei ya seti nyingine na vitundu vichache vya skrubu nyuma ya kichwa.

Freti zisiwatie wasiwasi. Freti huisha kama matairi, na gitaa la kazi lililobadilishwa freti kwa ustadi hupoteza kidogo sana, na wapigaji wengine hulipendelea. Angalieni tu kama ubao wa vidole haukukwanguliwa, yaani kama vile vidoto vyeupe bado ni vya duara kamili na havijawa vyembamba. Swichi ya nafasi tano badala ya tatu ni jambo la kupita. Kiwanda chenyewe kiliiweka mwaka 1977, na kabla ya hapo karibu kila mpigaji alijitengenezea.

Sasa nirudi kwenye neno nililoanza nalo. Wapigaji wa zamani hawakutupa kitu. Pikapu ya asili, funguo sita za Kluson, kidhibiti cha tatu, swichi ya mwanzo na mkono wa kutikisia sauti, vyote vina uwezekano wa kuwa ndani ya kopo la biskuti, mfuko wa kanzu, droo ya cherehani, au kile kijisanduku kidogo kilichomo ndani ya kesi la gitaa chini ya shingo. Fungueni kila kitu kabla jamaa hawajagawana vyombo. Nasema kwa uchungu, kwa sababu siku moja mteja aliniletea gitaa hapa Malindi nimbadilishie funguo, nikazitupa za zamani kwenye taka pamoja na vipande vya waya, nikidhani namsaidia kusafisha. Alipokuja kuliuza miaka ya baadaye, mnunuzi aliuliza kwanza ziko wapi. Pikapu moja ya asili, hata ikiwa imekatika, itawaongezea mamia kadhaa ya dola.

Tafuteni pia picha. Picha ya ami jukwaani iliyoandikwa mwaka nyuma yake, gitaa likiwa bado na rangi yake, ni nasaba ya gitaa hilo, nayo itaonyesha mabadiliko yalifanywa lini na kuondoa shaka kwamba lilikusanywa juzi kutoka vyanzo tofauti. Lakini msidanganywe na habari za magitaa ya viraka yaliyouzwa kwa mamilioni. Ni kweli kwamba Stratocaster ya mpigaji mashuhuri Eric Clapton iitwayo Blackie iliunganishwa kutoka magitaa kadhaa na ikauzwa kwa dola 959,500 mwaka 2004, na kwamba ile nyeusi ya David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, iliyobadilishwa shingo, pikapu na mengine mengi, ilifika dola 3,975,000 katika mnada wa Christie's jijini New York mwaka 2019. Pale walioshinda mnada walilipia mikono iliyoyapiga. Ami yako, Mungu amrehemu, alipendwa Malindi, na soko la dunia halimjui.

Tuje kwenye hesabu. Stratocaster ya 1966 yenye rangi ya kawaida ya kiwanda na vipande vyake vyote huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 10,000. Tulitie gitaa hilo alama 100. Kwa rangi ya juu tunakata nusu, tunabaki na 50, na nimeikata yote kwa tahadhari ingawa rangi ya chini imebaki. Kwa tundu la patasi mimi hukata tena kama sehemu tatu katika kumi za kilichobaki, tunapata 35. Funguo, zikiwa zimepanuliwa tundu, zinatushusha karibu na 32. Pikapu iliyokosekana, kibao kilichokatwa, kidhibiti kimoja, mkono uliopotea na freti vinatuacha kati ya 25 na 30. Hiyo ni dola 2,500 hadi 3,000, na dola moja ikiwa karibu shilingi 130, tunazungumzia shilingi 325,000 hadi 390,000. Mtu mwingine angekata zaidi mahali na kupunguza kukata mahali pengine, lakini hakuna hesabu ya haki inayofika 80,000 ikiwa shingo ni ya kweli. Hata mkilivunja na kuuza kipande kimoja kimoja, jambo ambalo sipendi lifanyike, shingo pekee ya mwaka huo huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, na pikapu mbili nzima ni mamia kadhaa ya dola kila moja. Mgeni wenu akiliita gitaa la viraka hasemi uongo, ila anataja viraka na kuinyamazia nguo.

Hesabu hiyo inaanguka katika hali mbili. Muhuri ukisema 1969, punguzeni. Kisigino kikiwa kitupu, au mashimo ya skrubu za shingo yasilingane na ya kiwiliwili, basi shingo na kiwiliwili hazikuzaliwa pamoja, na hapo mtakuwa mkiuza vipande.

Msilisafishe kwa lolote zaidi ya kitambaa kikavu. Msinunue pikapu ya kale kwenye mtandao ili kujazia, maana mtalipa bei ya rejareja na kurudishiwa ya jumla. Likishafungwa tena, nyuzi zirudishiwe mkazo wa wastani, libaki ndani ya kesi, mbali na dirisha la baharini.

Kama mnunuzi ni wa nje, kuna sheria ya kuijua. Ubao wa vidole wa gitaa hilo ni wa mti wa rozwudi, wa jenasi moja na mpingo wetu, na katika mwaka 1966 Fender walikuwa wakihama kutoka rozwudi ya Brazili kwenda ya India. Ile ya Brazili iko katika orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na haivuki mpaka kibiashara bila vibali, ambavyo kwa Kenya hushughulikiwa na shirika la wanyamapori, KWS. Nafuu iliyotolewa mwaka 2019 kwa ala za muziki zilizokamilika inahusu aina nyingine za rozwudi. Mtu atakayewaambia kwamba atalibeba tu kwenye begi lake anaweza kulipoteza uwanja wa ndege, na hilo litakuwa lake, lakini chukueni tahadhari msije mkaandikwa kama wauzaji.

Kwa mgeni wa Shela, mjibuni kwa adabu kwamba gitaa halina bei mpaka shingo ifunguliwe, na mwalikeni awepo siku hiyo. Akija, mtazameni zaidi yeye kuliko gitaa wakati kisigino kinapogeuzwa juu. Kisha nitumieni picha ya muhuri, na ya chochote mtakachokikuta kwenye kopo.